Uzi wa safari: mimi, mke wangu na sindano za kufumia

#1 Mwanzisha uzi

Habari zenu wakuu. Miaka yote nasoma humu bila kusema kitu, leo nimeona nami nifungue uzi wangu. Nauandika kwa vipande kwa sababu niko safarini na mtandao unakuja na kuondoka. Mke wangu yuko pembeni na hapendi mambo yetu yaanikwe, kwa hiyo kila kipande anakisoma kwanza. Alichokikataa hamtakiona.

Tuna miaka 17 ya ndoa. Kwa miaka mitatu tulisafiri kila mwezi kwenda kumwona mama yake aliyekuwa mgonjwa, treni ya saa 14 kwenda na saa 14 kurudi. Leo tuko kwenye treni ileile. Mwaka wa kwanza tulikaa humu kama abiria wawili waliokutanishwa na namba za viti, yeye na sindano zake za kufumia, mimi na simu yangu. Tukifika tunaongea na mama, tunaongea na ndugu. Sisi kwa sisi ilikuwa "umeshika tiketi?" na "sogeza begi kidogo". Hatukuwa na ugomvi hata kidogo, na hilo ndilo lililotuchelewesha kuona kwamba tumenyamaziana.

Siku moja simu ilinizimikia mapema, na soketi ya kwenye kiti haikuwa na umeme. Nikabaki naangalia dirishani. Mwenzangu akanigusa kiwiko: "Nipe mikono." Nikampa. Akatoa kwenye mfuko uzi wa sufu, ule unaokuja umesokotwa kama msuko wa nywele, akaufungua ukawa duara kubwa, akanivika viganjani. Akatafuta ncha, akaanza kuviringa donge.

Uzi wa soksi wa gramu 100 una urefu wa mita 400 hivi. Fikirieni mita 400 kwa mkono, ndani ya treni inayoyumba. Mwanzoni nilikaza, uzi ukawa unanasa kwenye dole gumba, yeye anavuta na mimi navuta. "Usivute," akasema. "Nifuate." Nikajifunza kwamba uzi ukitokea kulia mkono wa kulia unainama kuuachia, ukitokea kushoto unainama wa kushoto, na kazi yako ni hiyo tu. Tulikaa dakika 40, magoti yamegusana. Huna pa kwenda ukiwa umevikwa uzi mikononi. Donge likiwa limefika ukubwa wa ngumi ya mtoto, akaniambia bila kuinua macho kwamba anaogopa simu za usiku. Kila simu ikiita usiku, kabla hata hajaishika, moyo unamwambia ni habari ya mama. Alikuwa analala na hofu hiyo pembeni yangu kwa zaidi ya mwaka, na mimi sikujua.

Safari iliyofuata nikamwomba anifundishe kufuma. Tangu hapo, mambo mengi tuliyoshindwa kuyasema mezani na chumbani tumeyasema humu ndani ya treni, tumekaa ubavu kwa ubavu, macho yako kwenye vitanzi na mikono ina kazi. Ninaamini kabisa kwamba kuna maneno yasiyotoka mtu akitazamwa usoni. Nitaleta visa kadhaa. Na nyie wenye wenza wanaofuma, au mnaofuma wenyewe, leteni vyenu.

#2 Mchangiaji

Mkuu, uzi mtamu, nimeshavuta kiti. Ila swali, nisamehe. Wewe ni mwanaume, unatoa sindano na uzi mbele ya behewa zima. Abiria wanakuangaliaje?

#3 Mwanzisha uzi

Swali zuri, wala huna haja ya kuomba radhi. Wanaangalia. Wengine wanatabasamu, watoto wanasogea karibu. Ila ukisoma historia unaona mshangao huu ni wa juzijuzi tu. Kwenye miji mingi ya Ulaya ya zamani, kufuma kulikuwa kazi ya vyama vya mafundi, na mafundi wakuu walikuwa wanaume. Kisiwa cha Taquile kwenye Ziwa Titicaca, Peru, mpaka leo wanaofuma kofia za sufu ni wanaume, wavulana hufunzwa wakiwa wadogo, na kofia yenyewe inaonyesha kama mtu ameoa au bado. UNESCO iliitangaza sanaa ya nguo ya kisiwa hicho kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Mimi hilo la kofia lilinigusa sana. Mwanaume anafuma kwa mkono wake kitu kinachotangaza hali yake ya ndoa, kisha anakivaa kichwani.

Kisa cha macho ya abiria ni hiki. Ilikuwa safari yangu ya tatu nikifuma, skafu ya kawaida, vitanzi 40. Mbele yetu alikaa mama mmoja mtu mzima sana, kimya tangu kituo cha kwanza, mikono imepakatana. Nikawa najua ananitazama, nikazidi kukaza. Baada ya kama saa nzima akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, umeangusha kimoja."

Nikageuza kazi. Kweli, kitanzi kimoja kilikuwa kimeteleza kwenye sindano na kushuka safu 11. Kitanzi kikianguka kinafungua kilicho chini yake, nacho kinafungua cha chini zaidi, unaona ngazi nyembamba inashuka katikati ya kitambaa, vipago vyake ni nyuzi zilizolala. Mke wangu alikuwa amesinzia. Yule mama akafungua mkoba wake, akatoa kulabu ndogo ya chuma iliyochakaa mpaka imeng'aa, akanipa mimi badala ya kufanya yeye. "Ingiza kwa mbele. Shika kile kitanzi cha chini kabisa. Sasa kamata kipago kinachofuata, kivute kipite ndani." Kimoja. Kingine. Mara 11. Kilipofika juu nikakirudisha kwenye sindano, ngazi ikawa imepotea.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kwenye kufuma ufa wenyewe haukai mahali pamoja kukusubiri. Kila ukivuta kitambaa unashuka zaidi. Mwenzangu alipoamka nikamwonyesha mahali palipokuwa na ngazi, hakupaona.

#4 Mchangiaji mwingine

Kwangu mimi ni kinyume na mwanzisha uzi. Mke wangu akishika zile sindano hanisikii. Namwuliza jambo la maana, ananinyooshea kidole cha subiri. Tulisafiri naye saa sita kwenye basi, nikaongea na dereva kuliko nilivyoongea naye. Nasema kwa uchungu kidogo, ila natamani kuelewa.

#5 Mchangiaji (mfumaji, mama wa watoto watatu)

Kaka yangu, anahesabu. Naomba unielewe kwa upendo. Kazi ikiwa na vitanzi 242 na wewe ukauliza kitu yeye yuko 187, akikujibu anarudi moja. Akirudi moja mara tatu, hata awe malaika atanyoosha kidole.

Mfanyie hivi. Mnunulie zile pete ndogo za kuwekea alama, hata pete za nyuzi za rangi zinafaa, aweke moja kila baada ya vitanzi 20. Hapo hesabu yake inakuwa fupi, ukimkatiza anarudi nyuma vitanzi 20 tu. Halafu mwulize ni kazi gani anayoweza kufanya huku akiongea. Zipo. Kipande cha wazi, mzunguko baada ya mzunguko bila nakshi, mikono inajiendea yenyewe. Mimi huwa na kazi mbili kwenye mkoba wa safari, moja yenye nakshi ya kufuma watoto wakilala, na moja ya wazi ya kufuma baba yao akiwa na maneno.

#6 Mwanzisha uzi

Mama watatu, umemjibu vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Nami nimeiga hapohapo, nimemwambia mwenzangu kuanzia safari ijayo tubebe kazi mbili.

Kaka wa #4, malalamiko yako yana karne nyingi. Mwaka 1589 Mwingereza mmoja aitwaye William Lee, aliyekuwa kasisi, alitengeneza mashine ya kwanza ya kufuma soksi. Inasimuliwa kwamba alimpenda binti ambaye kila akienda kumtembelea macho ya binti yako kwenye sindano, ndipo akaamua kuunda mashine ya kuzinyang'anya sindano kazi. Inawezekana ni hadithi tu, lakini mashine ilikuwepo kweli, na viwanda vyote vya soksi na masweta vina asili yake hapo. Inasemekana Malkia Elizabeth wa Kwanza alimnyima hati ya kuimiliki kwa kuwahurumia wafumaji wa mkono, na Lee akaishia Ufaransa. Mimi nikisoma kisa hiki huwa najiuliza kwa nini hakuomba afundishwe. Angekaa naye jioni moja tu akashika ncha ya uzi.

Jaribu hilo kabla ya yote, kaka. Mwambie "nipe mikono yangu kazi". Tazama atakavyokutazama.

#7 Mchangiaji (dada, mchumba wa mtu)

Shikamooni wakubwa zangu. Nimeanza kumfumia mchumba wangu sweta tuje tulivae safari ya fungate, yeye lake na mimi langu. Sasa nimesoma sehemu kwamba wafumaji wa nchi za watu wanaamini ukimfumia mwanaume sweta kabla ya ndoa anakuacha kabla halijaisha. Nimeingiwa na hofu, nimeliweka kabatini. Nishaurini.

#8 Mwanzisha uzi

Marahaba mdogo wetu. Imani hiyo ipo kweli, wanaiita laana ya sweta, na hata wanaocheka wakiisikia huwa wanasita kidogo kabla ya kuanzisha vitanzi. Mimi naona sababu iko wazi. Sweta la mtu mzima linakula miezi, na uchumba unaokusudia kufa una nafasi tele ya kufa ndani ya miezi hiyo, sweta liwepo lisiwepo. Halafu ni kazi kubwa ya mkono mmoja kwa mtu ambaye pengine hakuiomba. Mwulize kama analitaka. Mpime kifua chake mwenyewe kwa futi ya fundi, kwa mikono yako, usikisie. Mwache achague rangi. Akishashiriki, limeshakuwa la wawili.

Na sasa niwaletee kisa cha sweta langu, maana ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu.

Mke wangu alianza kunifumia sweta la kijivu mwaka wa pili wa safari zetu. Yeye ni mtu wa vipimo. Kabla ya kazi yoyote anafuma kipande cha majaribio, anakifua, anakikausha, anahesabu vitanzi vilivyo ndani ya sentimita 10. Vilikuwa 22. Mimi kifua changu kinataka sweta la sentimita 110, hivyo vitanzi 242. Akaanzia chini kwenda juu, kwa mzunguko. Sentimita 20 za kwanza alizifuma nyumbani, jioni, redio inaongea.

Kisha ukaja mwezi mbaya. Tulikosana, na kwa kosa langu. Nilikuwa nimemwambia nduguye mmoja, bila kumshauri yeye, kwamba safari zinatumaliza na kwamba labda mama ahamishwe. Habari ikamfikia mke wangu kwa mdomo wa mtu wa tatu. Tukapanda treni, saa 14, hakusema neno. Alifuma tu. Alifuma tulivyokwenda na akafuma tulivyorudi, na mimi pembeni na skafu yangu sioni hata ninachofanya.

Wiki kadhaa baadaye tulikuwa tumeshaombana radhi, tukiwa kituoni tunasubiri treni iliyochelewa. Akalitoa sweta, akalilaza mapajani mwangu, akatoa futi. Chini, 110. Akapandisha futi juu kidogo. 101. Akarudia kupima kama haamini. Akahesabu vitanzi kwa ncha ya sindano, taratibu. Vilikuwa 24 ndani ya sentimita 10, badala ya 22. Idadi ya vitanzi haikubadilika wala sindano haikubadilika, mkono wake tu ndio ulikuwa umekaza. Ukilitazama kwa mbali uliona mkanda umezunguka tumbo la sweta, safu 31, kitambaa kigumu kidogo kuliko juu na chini yake.

Akaweka kidole pale. Akasema: "Hapa ndipo tulipokuwa hatuongei."

Nikamwambia aache hivyohivyo, nitalivaa. Kwa moyo wangu wote nilikuwa tayari kulivaa. Yeye akakataa. Akasema sweta linalobana katikati halitavaliwa, litakaa kabatini na mimi nitakuwa nasema nalipenda. Akachomoa sindano. Sauti ya uzi wa sufu ukifumuliwa inafanana na mvua ya mbali. Ule mkanda peke yake, safu 31 za vitanzi 242, ni vitanzi 7,502. Yeye akawa anafumua, mimi naviringa, na safari hii nilijua kutokuvuta.

Uzi uliofumuliwa unarudi umejikunja, mawimbimawimbi, kama nywele zilizofumuliwa baada ya kukaa muda mrefu kwenye msuko. Ukiufuma tena hivyohivyo vitanzi vinatoka vimepinda. Dawa yake ni kuuzungusha kwenye mgongo wa kiti uwe duara, kuufunga sehemu nne kwa kamba laini, kuuloweka kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, kisha kuutundika ukauke na kitu kizito kidogo kikiwa kimening'inia chini. Tulifanya hivyo kwenye bafu la nyumba ya wageni. Asubuhi mawimbi yalikuwa yamekwisha. Uzi ukawa uzi tena, ila kwa mkono unahisi umelainika kuliko ulivyokuwa dukani.

Sweta hilo nimelivaa sasa hivi ninapoandika.

#9 Mchangiaji

Aisee hapo kwenye "hatuongei" nimesimama kusoma nikamwita mke wangu tusome wote.

Swali la kiufundi, mkuu. Mwezi ujao tunapanda ndege mara ya kwanza. Sindano zinaruhusiwa ndani ya ndege au wananyang'anya?

#10 Mwanzisha uzi

Inategemea nchi na shirika, kwa hiyo soma masharti yao kabla ya siku ya safari. Kwa mfano mamlaka ya usalama wa safari Marekani, TSA, inaruhusu sindano za kufumia kwenye mzigo wa mkononi, na mkasi mdogo wenye makali yasiyozidi sentimita 10 kuanzia kwenye kiungo. Ila kile kidude cha mviringo cha kukatia uzi, chenye wembe uliofichwa ndani, hakipiti. Na popote pale ofisa aliye mbele yako ndiye mwenye neno la mwisho.

Sisi tunachofanya ni kubeba sindano za mianzi, zile fupi mbili zilizounganishwa kwa waya laini, maana hata moja ikikuponyoka haipotelei chini ya viti. Chuma tunaweka kwenye begi kubwa. Na kabla ya ukaguzi mke wangu hupitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano. Wakichukua sindano, kazi inabaki imeshikwa. Mara moja walichukua kweli, uwanja ambao sitautaja. Mwenzangu alikaa safari nzima amepakata kitambaa kisicho na sindano, akikilainisha kwa kiganja. Hakuna kitanzi kilichoanguka.

#11 Mchangiaji mwingine

Kuhusu kusafiri na kufuma, kuna mama mmoja wa Ujerumani, eneo la Munich, alifuma skafu kwa mwaka mzima wa 2018 kufuata ucheleweshaji wa treni yake ya kila siku. Kila siku safu mbili. Treni ikichelewa chini ya dakika tano anafuma kijivu, kati ya tano na 30 pinki, zaidi ya hapo au ikichelewa kwenda na kurudi, nyekundu. Skafu ikapigwa mnada mtandaoni Januari 2019 ikauzwa euro 7,550, fedha zikaenda kwenye msaada. Nikawaza, mtu akifuma ndoa yake hivyo, rangi kwa kila siku, ingekuwaje.

Pia nimesoma kwamba wavuvi wa visiwa vya Aran, Ireland, kila ukoo ulikuwa na nakshi yake kwenye sweta ili mtu akizama baharini atambulike. Wake zao ndio waliofuma. Hiyo inaumiza sana.

#12 Mwanzisha uzi

Asante kwa skafu ya treni, nimemsomea mke wangu na amesema yetu ingekuwa na kijivu kirefu sana mwanzoni.

La Aran niliwahi kuliamini na kulisimulia, kwa hiyo narekebisha kwa heshima. Hakuna ushahidi wa nakshi za koo, na masweta yenyewe ya mtindo ule yalianza mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi wanaona wazo hilo limekuzwa na tamthilia moja ya Kiayalandi ya mwaka 1904. Ndani yake dada anaitambua soksi ya kaka yake aliyezama. Ni soksi ya kawaida isiyo na nakshi, lakini anakumbuka kwamba alianzisha vitanzi 60 na akaangusha vinne. Anahesabu, anavikuta vinne vimeanguka, anajua ni yeye. Mimi hii naiona nzito kuliko hadithi ya nakshi za ukoo, kwa sababu alimjua kaka yake kwa makosa ya mkono wake mwenyewe.

#13 Mchangiaji

Mnisaidie haraka. Nimefua kofia ya sufu aliyonifumia mke wangu, nikaitia maji ya moto na nguo nyingine. Imetoka inamtosha mtoto mchanga, na ngumu kama zulia. Yuko safarini, anarudi Jumamosi. Kuna namna ya kuirudisha?

#14 Mchangiaji (mfumaji, mama wa watoto watatu)

Pole baba. Hairudi. Unywele wa sufu una magamba madogo, joto na msuguano vinayafanya yashikane, yakishashikana hayaachani. Wakati mwingine tumia maji ya baridi au vuguvugu, iloweke tu bila kuisugua, ikamue ndani ya taulo, ilaze ikauke. Mwambie leo kwa simu, usisubiri Jumamosi aikute kabatini.

#15 Mwanzisha uzi

Fuata ushauri wa mama watatu. Mpigie leo.

Wakuu, treni inakaribia mwisho wa safari, nami niandike kipande cha mwisho. Mwenzangu amekisoma mara mbili, amekaa nacho kidogo, kisha akanirudishia simu bila kukata kitu.

Mama mkwe ndiye aliyemfundisha mke wangu kufuma, akiwa binti wa miaka minane. Mimi sikuwahi kufuma mbele yake, nilikuwa naona aibu kwa sababu ya mkono wangu mlegevu. Safari yetu ya mwisho kabla hajaondoka, alinikuta nimekaa mlangoni na soksi. Vitanzi 64, sindano nne, 16 kwa kila moja, na ya tano ya kufumia. Akasema, "Baba, hebu nione." Nikampa. Mikono yake ilikuwa inatetemeka siku nyingi, kikombe alishikiwa. Aliipokea kazi, akaipapasa kwa dole gumba kabla ya kuitazama, akasema: "Uzi unaubembeleza mno." Akauzungusha kwenye kidole chake cha shahada mara mbili, mimi huuzungusha mara moja, na akaanza kufuma. Mikono iliendelea kutetemeka vilevile. Alifuma mizunguko minne. Ilichukua karibu saa nzima, hakuna aliyesema kitu, mke wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka anapanga dawa na akaacha kupanga. Alipomaliza mzunguko wa nne akanirudishia. "Endelea hapo."

Kwenye treni ya kurudi nikaiona. Mizunguko minne imekaza, imenyooka, vitanzi vidogo, na juu yake na chini yake vyangu vikubwa vilivyolegea. Mtu asiyefuma angeona mstari mwembamba tu. Nikapitisha uzi mwekundu pale nisije nikapapoteza.

Simu iliita siku 19 baadaye, saa nane usiku. Niliipokea mimi. Nilikuwa nimeiweka upande wangu wa kitanda tangu siku ile ya donge.

Mguu wa kwanza wa soksi niliumaliza. Wa pili sikuweza kuuanza, miezi mitano umekaa hivyo, mpaka leo asubuhi tulipopanda treni kuja kuchukua vitu vya mama. Mke wangu alitoa donge la uzi uleule kwenye mkoba wake, akaniwekea mapajani. Nimeanzisha vitanzi 64, yeye amehesabu. Tukifika kwenye usawa wa uzi mwekundu nitampa sindano, minne hiyo atafuma yeye. Anakaza kama mama yake.